Mali kauli: ahadi na haki katika kazi na biashara Laela

Mali kauli ni mzigo unaotolewa leo kwa neno tupu na kulipwa baadaye. Mwenye duka la jumla Sumbawanga mjini humpa mchuuzi wa Laela katoni za sabuni, akauze kwanza. Mkulima humwachia dalali magunia 10 ya mahindi kwa sababu tajiri wa dalali bado yuko njiani na fedha. Kibarua hupalilia eka nzima akiambiwa ujira wake uko Jumamosi. Huyu wa mwisho naye katoa mali kauli, ingawa hakuna anayeiita hivyo: mali yake ni jasho. Katika mambo yote matatu mmoja ameshatimiza upande wake na mwingine bado, na muda ulio katikati ndio unaozaa karibu kila mgogoro wa haki na ahadi. Swali la kuanzia, kwa hiyo, si nani mkweli na nani tapeli. Ni nani anayesubiri, na kusubiri huko kunamgharimu nini.

Laela ni mji mdogo kwenye barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, karibu kilometa 95 kabla ya kufika Sumbawanga mjini, na ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Uwanda wa Ufipa unaouzunguka hulimwa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili; mahindi huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Fedha huingia mara moja kwa mwaka, ilhali mahitaji hayangoji zamu: mbolea Desemba, ada Januari, unga wa kununua Februari ghala likiwa limebaki vumbi. Mwajiriwa wa mjini huahidi akiwa na mwisho wa mwezi kichwani. Mkulima wa Laela huahidi kwa neno moja, "nikivuna". Neno hilo halina tarehe. Lina urefu wa miezi mitatu, na ndani yake limebeba sharti ambalo pande zote mbili hulijua bila kulitamka, kwamba mvua ikubali.

Kabla ya muda kuna kipimo, kwa kuwa ahadi ya kuuziana gunia haina maana mpaka ijulikane gunia ni nini. Hapa ndipo dhuluma kubwa zaidi ya soko la mahindi ilipo, na hufanyika mchana kweupe, mara nyingi muuzaji akiwa ameshika mdomo wa gunia mwenyewe. Debe la asili lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 na ushei. Leo kazi hiyo inafanywa pia na ndoo ya plastiki ya lita 20, na vyote viwili vinaitwa debe. Kuna debe la kufutwa, linalopitishiwa mti juu ya mdomo wake, na debe la kichwa, linalojazwa mpaka punje zinamwagika pembeni. Kuna debe lililogongwa kwa ndani hadi tumbo likatoka nje. Mnunuzi akiwa na debe lake, hutumia lake.

Kisha linakuja gunia lenyewe. Vijana wa kupakia hulinyanyua na kulibwaga chini mara tatu nne ili mahindi yashuke, hushindilia kwa ngumi pembeni, wanaongeza, wanabwaga tena. Likijaa hadi ukingoni halishonwi. Juu yake huvutwa wavu au kipande cha gunia jingine, hutiwa debe la saba, na sindano ndefu hupita na kamba huku na huku mpaka inatokea nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Mahindi makavu yaliyojazwa vizuri hukaribia kilo 17 kwa debe, hivyo debe 6 hutoa kilo 100 na kidogo, na la saba ni zawadi isiyo na mtoaji. Mwaka 2024 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulifika kununua kilo kwa shilingi 700. Kwa bei hiyo debe la saba ni shilingi 11,900. Mkulima aliyeuza magunia 20 ya lumbesa amemwachia mnunuzi kilo 340, sawa na shilingi 238,000, bila ahadi yoyote kuvunjwa: aliahidi magunia 20 na alilipwa magunia 20.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo ulioanza kazi mwaka 2002, vinataka mazao yauzwe kwa uzito na mzigo wa gunia usizidi kilo 100. Lumbesa haijafa kwa sababu mbili, na ni ya kwanza tu inayotajwa mikutanoni, nayo ni uchache wa mizani na wakaguzi. Ya pili ni kwamba ushuru wa mazao, malipo ya wapakiaji na nauli ya lori kwa desturi vimekuwa vikihesabiwa kwa gunia. Mnunuzi anayejaza gunia kupita kiasi hapunji mkulima peke yake. Anapunja pia halmashauri, mwenye lori na mabega ya kuli. Mkulima anayedai mzani anakuwa amegusa masilahi ya mlolongo mzima wa watu ambao hawako mbele yake, na hiyo ndiyo sababu madai yake husikika kama usumbufu tu. Dalali humjibu kwa upole, "Mzee wangu, kama hutaki, jirani yako yuko tayari."

Jambo gumu zaidi ni mahindi yanayouzwa yakiwa bado shambani. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa michango ya shule, au mgonjwa anatakiwa kupelekwa hospitali Sumbawanga. Ni Februari, mahindi yanafika kiunoni. Mwenye fedha anatoa, tuseme, shilingi 30,000 kwa kila gunia litakalovunwa. Huko Kagera biashara ya namna hii kwenye kahawa inaitwa butura. Kwenye korosho za Mtwara na Lindi inaitwa kangomba. Julai inafika, na gunia lile kwa bei ya 700 lina thamani ya shilingi 70,000. Aliyetoa 30,000 anavuna faida ya 40,000 ndani ya miezi mitano, zaidi ya mara moja ya fedha yake.

Hapa ahadi na haki, ambazo kwa kawaida hutajwa kama mapacha, zinatengana. Mkulima akitoa gunia, ametimiza ahadi, lakini ni vigumu kusema biashara ilikuwa ya haki. Akilificha na kuliuza usiku kwa mwingine, amevunja ahadi, na jirani zake wengi hawatamlaumu sana. Mkopeshaji naye ana hoja zake. Yeye ndiye aliyepokea simu Februari, wakati benki haikopeshi kwa dhamana ya mahindi ya kiunoni na ndugu wa mkulima hawana kitu. Anabeba hatari ya ukame, na ya mkulima kuingia mitini. Zaidi ya hayo, bei hupanda na hushuka: waliotanguliza fedha kwa bei nzuri kabla ya Juni 2017, serikali ilipozuia mahindi ghafi kuvuka mpaka, walijikuta na mali isiyorudisha mtaji. Lakini hoja hiyo ina mpaka wake. Hatari ya mkopeshaji ni ya mtaji, na hutawanywa kwa wakulima 30 au 40. Ya mkulima ni chakula cha nyumba moja.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyochota kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, imeligusa suala hili kwa namna ambayo wafanyabiashara wachache wanaijua. Mkataba hauhitaji maandishi ili uwe halali. Neno linatosha, mradi wahusika wamefikia umri na wana akili timamu, wamekubaliana kwa hiari, na jambo lenyewe si haramu. Bei kuwa ndogo hakubatilishi mkataba peke yake. Hata hivyo, udogo wa bei unaweza kuangaliwa na mahakama inapopima kama hiari ilikuwa ya kweli, na mkataba uliopatikana kwa mmoja kutumia nguvu aliyonayo juu ya mwenzake ili ajipatie faida isiyo ya haki unaweza kutenguliwa na aliyeonewa. Kwa maneno ya sokoni, sheria haiulizi tu kama mtu alisema ndiyo. Inauliza pia kama angeweza kusema hapana. Swali hilo halifiki mahakamani mara nyingi, kwa kuwa aliyeuza mahindi machanga mwaka huu anajua mwakani atarudi kwa mtu yuleyule.

Kwenye kazi za mikono mambo yana historia ndefu zaidi. Kilimo cha zamani cha Ufipa kilikuwa cha ntumba, yaani matuta makubwa ya mviringo ambamo majani hufukiwa yaoze na kuwa mbolea ya msimu unaofuata. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na ilifanywa kwa kualikana: mwenye shamba alipika pombe ya ulezi, watu wakaja na majembe, wakalima, wakanywa. Malipo yalionekana kabla kazi haijaanza, maana mtungi ulikuwa pale chini ya mti. Hakukuwa na muda wa katikati. Na aliyekunywa leo alijua kesho ataalika yeye.

Ukoloni ulileta ahadi ya aina nyingine kabisa. Sheria ya mwaka 1923 kuhusu mabwana na watumishi wenyeji iliufanya uvunjaji wa mkataba wa kazi kuwa kosa la jinai kwa mfanyakazi. Kuacha kazi kabla ya muda kungeweza kumpeleka jela. Chini ya utaratibu wa kipande, kadi ya siku 30, aliyetoka kwao kwenda kwenye mashamba ya mkonge hakuhesabiwa mshahara wa mwezi mpaka visanduku vyote 30 vya kadi vimetiwa alama, na siku ya ugonjwa haikutiwa. Uzito wa sheria uliangukia zaidi upande wa kibarua. Asiyetokea kazini angeweza kufungwa. Ndipo Sheria ya Ajira ya miaka ya 1950 ikaja kuchukua nafasi ya ile ya 1923. Lakini mazoea ya kuiona ahadi ya mdogo kuwa nzito kuliko ya mkubwa hayakufutwa kwa tangazo la gazeti la serikali. Yanasikika hata leo pale mwenye shamba anapomwambia kibarua kwamba asiyemaliza ngwe halipwi hata senti, huku mwenyewe akichelewesha malipo wiki tatu na kuona ni jambo la kawaida.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtambua hata mtu wa kazi ya siku chache, chini ya mkataba wa kazi maalumu. Inadai ujira ulipwe kwa fedha, wakati wa kazi na mahali pa kazi, na inakataza makato yasiyo na msingi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ilikuwa kama 5,400 kwa siku. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo haitozi ada ya kufungua shauri: siku 30 kwa anayelalamikia kuachishwa, 60 kwa madai mengine. Yote hayo ni mazuri. Lakini kibarua wa Laela anayedai 15,000 ya palizi akisafiri hadi mjini kudai, akala na kurudi, atakuwa ametumia sehemu kubwa ya anachokidai, na siku hiyo hakulima kwa mtu mwingine. Mwenye shamba anaijua hesabu hiyo vizuri. Danadana, ile ya njoo kesho, njoo Ijumaa, bosi kasafiri, ni mbinu yenye mantiki: kila safari ya mdai inapunguza thamani ya deni mpaka mwenyewe analiacha. Ndiyo maana vibarua wazoefu wamejiwekea kanuni yao isiyoandikwa popote. Hukata shamba ngwe kwa ngwe, na kila ngwe ikiisha jembe linawekwa begani mpaka fedha itoke. Wamefupisha muda wa katikati hadi saa chache, kama wazee wa mtungi wa pombe.

Mwahidi mkubwa kuliko wote Ufipa amekuwa serikali. Miaka ya 1970 ilipoamuliwa kwamba bei ya mahindi iwe moja nchi nzima, mikoa ya mbali ikiwemo Rukwa, iliyoundwa 1974, ilipata soko ambalo umbali wake usingeruhusu. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilinunua kwa bei iliyotangazwa redioni, na gharama ya kusafirisha ikabebwa na umma. Ahadi ile iliiingiza Rukwa kwenye kundi la mikoa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982; NMC lenyewe likazama katika madeni, na bei moja ikaachwa katika miaka ya 1980. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na mfuko wa kuibeba.

Hali hiyo imejirudia kwa sura ndogo zaidi tangu NFRA ianze mwaka 2008. Wakala ukifungua kituo, bei ya mtaani hupanda siku ileile, hata kwa asiyeuza kituoni. Ni faida kubwa isiyosemwa vya kutosha. Lakini kuna misimu, ule wa 2014 ukiwa wa kukumbukwa, ambapo mavuno yalizidi fedha, mahindi yakapokelewa kwa stakabadhi na wakulima wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini wakangoja malipo kwa miezi. Serikali haiingii mitini kama dalali. Hulipa. Tatizo ni kwamba riba ya deni la mkulima dukani haisimami kungoja bajeti. Kituoni kwenyewe kuna kusubiri kwingine: mahindi yenye unyevu juu ya kiwango, ambacho katika viwango vya Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, hurudishwa yaanikwe, na kwenye uwanda huu wa baridi Juni na Julai jua halina haraka. Dalali aliyeegesha Fuso nje ya geti hapimi unyevu. Ananunua papo hapo, kwa bei ya chini na kwa debe lake, kutoka kwa mtu aliyechoka kungoja. Si haki kumwita mlanguzi na kuishia hapo. Anachouza, kwa kweli, ni muda.

Ahadi ikishavunjika, mlolongo wa kuidai unaeleweka. Kwanza ni kwa wazee na ndugu. Kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji, ambako makubaliano huandikwa kwenye karatasi ya mistari, mashahidi wawili wakatia saini au dole gumba, na muhuri ukagongwa. Karatasi hiyo si hukumu, lakini muhuri una uzito wake: unageuza "ulisema" kuwa "uliandika". Mahakama ya mwanzo ndiyo inayofuata. Siku hizi ujumbe wa simu na rekodi ya muamala vinasaidia, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu vipokelewe kama ushahidi; wachuuzi makini hawafuti ujumbe wa "nitakutumia jioni".

Wengi, hata hivyo, hukimbilia polisi, na wengi wao hurudi wamekasirika. Chanzo ni tofauti ambayo lugha ya mtaani imeifuta. Mtu akisema "nimetapeliwa" huwa anajumlisha mawili. Kanuni ya Adhabu inaadhibu udanganyifu kuhusu jambo lililopo au lililopita: aliyesema ana lori lililojaa maharage na kumbe hana, amejipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Aliyesema atalipa Ijumaa na hakulipa amevunja ahadi ya mbele, na hilo ni dai la madai, si jinai, isipokuwa ithibitike kwamba alidanganya kuhusu hali yake tangu mwanzo. Mpaka huo unaweza kuonekana kama upendeleo kwa wadaiwa. Bila huo, mkulima aliyeahidi "nikivuna" na mvua ikamkatalia angelala rumande, na tungekuwa tumerudi 1923.

Kinachofanya kazi kuliko vyote hivi ni daftari la duka na ndimi za watu. Mwenye duka anayekopesha mbolea anajua nani alilipa miaka mitatu iliyopita na nani alihama njia. Kinga hiyo ilidhoofika pale barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipowekwa lami kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, chini ya mkataba wa 2008. Lami iliongeza wanunuzi na ushindani, na mkulima wa leo anaweza kupiga simu Tunduma kuuliza bei kabla ya kufungua ghala. Lakini ilileta pia mnunuzi ambaye sifa yake imebaki alikotoka. Akinunua magunia 50 kwa mali kauli na asirudi, hakuna jirani wa kumuaibisha. Tangu hapo desturi imegawanyika: mwenyeji hupewa kwa neno, mgeni hulipa mzigo ukiwa bado chini, na dalali wa hapohapo ndiye anayesimama katikati kama mdhamini. Kamisheni yake, ambayo hulalamikiwa sana, ni bei ya kumfahamu mtu.

Vyama vya msingi vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, wenye sheria yake ya 2005, vimebuniwa ili kuondoa ulazima wa kumwamini mtu mmoja mmoja. Mzigo hupimwa kwa kilo, huingia ghalani, mkulima hupewa karatasi, na mnunuzi hupatikana mnadani. Debe la saba linakufa papo hapo. Lakini muda wa katikati haufi. Unahamia kwenye karatasi. Uzoefu wa korosho unaonyesha linalofuata. Kangomba iliendelea miaka mingi ndani ya mfumo huo, na Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ililazimika kuhakiki mashamba ili kujua nani mkulima na nani alinunua kwa wakulima. Uhakiki huo nao ukawachelewesha wenye mashamba halali hadi mwaka uliofuata. Nyuma ya karatasi iliyoandikwa jina la mkulima kulikuwa na makubaliano mengine, ya mdomo, yaliyofanywa miezi kadhaa kabla, kwa bei ya mtu ambaye hakuweza kungoja mnada.

Kwa mahindi ya Laela tofauti ni moja. Korosho haipikwi ugali. Mkulima wa mahindi anayekataa bei au kusubiri kupita uwezo wake ana mnunuzi mmoja wa mwisho, familia yake, na gunia lililobaki ndani halihitaji dalali, muhuri wala mzani. Ndiyo maana kwenye mapatano mengi ya Februari, kabla hata ya kutaja bei, mke wa mkulima huuliza swali moja ambalo mkopeshaji mzoefu hulingoja: kati ya magunia yatakayovunwa, mangapi hayamo kwenye hesabu.